Mtani Hujibiwa

Bakuli la sukari liwekeni karibu na mgeni. Hilo ndilo la kwanza, na msinicheke. Nyie vijana mnaokuja kukikalia kiti changu pale chuoni mmefundishwa mambo makubwa na watu waliovaa suti, vyeti mnavyo, lakini mimi nitaanza na sukari. Mtu anayekuja kwako kusema jambo la aibu ameshanyang'anywa uamuzi na mtu mwingine. Ukimtilia sukari wewe, hata kwa wema wako, umemnyang'anya tena kidogo. Mwacheni achote mwenyewe. Akichota vijiko vinne, mezeni mate mnyamaze.

La pili ni kiti. Cha mgeni kiwe upande wa mlango na chenu kiwe upande wa dirisha, ili akitaka kuondoka asilazimike kuwapita. Mlango urudishwe, usitiwe ufunguo. Na lile sanduku la karatasi laini za kufutia machozi lisiwe katikati ya meza kama vile mnamngojea alie. Liwekeni pembeni. Atakayelihitaji ataliona.

Mimi ni Rukia. Chuoni wakiniita Bi Rukia, Auntie Rukia, Madam Rukia, na watundu wakiniita Mama Sukari wakidhani sisikii. Nimezaliwa Unguja, nikaletwa Dubai msichana, nikaolewa hapa, nikafiwa na mume hapa, na mpaka leo ninaishi Al Baraha katika jengo ambalo lifti yake hupanda ikijisikia. Chuoni niliingia kama mlezi wa hosteli ya wasichana. Miaka ilipokwenda, chuo kikatunga kanuni zake juu ya unyanyasaji wa kijinsia, na kikataka watu wa kuwasikiliza wanafunzi kabla mambo hayajafika kwenye kamati. Watoto wa Afrika Mashariki walikuwa wengi na wote wanaogopa ofisi. Wakatafuta mtu anayejua Kiswahili, Kiarabu cha sokoni na Kiingereza cha kumtosha, wakanikuta mimi nagombana na fundi wa mabomba kwa lugha zote tatu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Madam Susheela, Mhindi wa Kerala, mfupi, sauti yake ndogo mpaka mtu anainama kumsikia. Siku ya kwanza aliniacha nimpokee mwanafunzi mwenyewe, yeye akakaa pembeni. Msichana akaanza kueleza habari za kijana mmoja wa darasani kwao, hata hajafika katikati nikaruka: "Pole mwanangu, maskini, huyo si mtu, huyo ni shetani!" Msichana akanyamaza. Akamaliza chai yake, akashukuru, akaenda zake.

Nilidhani nimefanya vizuri. Madam Susheela akasubiri hatua zake zipotee, kisha akaniambia, "Rukia, umeshamhukumu yule kijana kabla hujasikiliza. Sasa huyu binti ataona haya kukwambia kwamba kuna siku huyo shetani wako alikuwa mwema kwake."

Niliona moto usoni. Msichana alirudi baadaye, alhamdulillahi, na kweli, kijana aliwahi kumuuguza wiki nzima alipokuwa na homa, na ndiyo maana ilimwia vigumu kusema alichomfanyia baadaye. Tangu siku ile neno "pole" nalitoa mwisho, na nalitoa moja. Madam Susheela alistaafu akarudi kwao. Tunapigiana simu siku za sikukuu, zake na zangu, lakini simu si sawa na mtu aliyekaa pembeni ya chumba anakutazama ukikosea. Natamani hata leo nikosee mbele yake.

Haya, mmekuja mkitaka maana ya maneno. Mwaka wangu wa kwanza wa kuwaeleza wanafunzi wapya, nilizitafsiri zile kanuni kwa Kiswahili kizito cha kuvalia kanzu. Nikasimama mbele ya ukumbi nikasoma ukurasa mzima. Nilipoinua macho, kijana mmoja wa Mombasa amelala mdomo wazi, na aliye kando yake anampiga picha. Mwaka uliofuata karatasi niliiacha mezani, nikawaambia waniulize wao.

Akasimama mmoja: "Bi Rukia, nikimwomba dada namba yake ya simu, nimemnyanyasa?"

"Umemwomba tu. Akikataa?"

"Namwomba tena."

"Akikataa tena?"

"Mwanamke hukataa mara ya kwanza, Bi Rukia, ndiyo kawaida yao."

Wasichana wakamzomea mpaka akakaa. Mimi nikamwambia: kuomba mara moja kwa adabu si kosa, na "hapana" ni jibu, si mlango wa kugongwa mpaka ufunguke. Kinachotazamwa ni kama jambo hilo linatakiwa na yule linayemwelekea. Liwe neno, jicho, mkono, picha ya simu, hata mzaha. Likiwa na harufu ya mapenzi au ya mwili, na mwenzako halitaki, hapo ndipo penye tatizo, hata kama moyoni mwako ulikuwa na nia safi kama maji ya zamzam. Halafu linatazamwa jambo la pili: mmoja ana nini cha mwenzake mkononi? Mwalimu ana alama za mwanafunzi. Msimamizi ana saa zake za kazi. Huyo akisema "nipe nikupe", hata kwa tabasamu, hilo ni zito zaidi, kwa sababu anayeombwa hana pa kusema hapana bila kuumia.

Akainuka mwingine, mtoto wa pwani huyu, mjuzi wa dini: "Lakini bi harusi akinyamaza, kunyamaza kwake si ndiyo ridhaa?"

"Bi harusi yuko na walii wake wa kumwoza na mashahidi, na hata hapo anaulizwa kwanza," nikamwambia. "Wewe una mashahidi gani kwenye ngazi za maktaba?"

Ukumbi ulicheka, na waliocheka waliendelea kukumbuka. Mzaha ni chombo kizuri cha kufundishia. Nimefundisha kwa mzaha miaka yangu yote, na ndiyo maana kesi ya Nekesa iliniingia kuliko zote.

Nekesa alikuwa Mkenya wa Kitale, mwanafunzi wa mambo ya hoteli, akiishi mtaa wa Discovery Gardens chumba kimoja na wasichana wenzake. Alikuja ofisini kwangu kuuliza kama nina adapta ya chaja. Wengi huja na kisingizio, na kisingizio kiheshimuni. Nikaitafuta adapta, nikampa, nikamwekea chai. Akachota sukari. Akakoroga mpaka chai ikapoa.

"Auntie," akasema, "mimi sijakuja kushtaki mtu. Nauliza tu kama hii kitu iko na jina."

Kile kitu kilikuwa hivi. Chuo kina jiko la mafunzo, na wanafunzi wa hoteli lazima watimize saa zao pale chini ya msimamizi ili wamalize masomo. Msimamizi alikuwa Mtanzania, Shefu Lukindo. Na nyie mjue, Shefu Lukindo tulimpenda sote. Aliyetaka kutuma mzigo Dar au Mombasa, Shefu alimjua mtu wa soko la Naif wa kumfungia kwa bei ya huruma. Ramadhani akituletea vitumbua ofisini. Mimi mwenyewe nilimwombea dua zaidi ya mara moja.

"Ananiita mke wake," Nekesa akasema. "Mbele ya kila mtu. Mke wangu leo hajanipikia, mke wangu amenuna, jana hakulala vizuri. Watu wote wa kwetu wanacheka. Mimi pia nilicheka mwanzo, nikidhani ni kunikaribisha. Sasa akipita nyuma yangu ananishika kiuno, ati jiko ni ndogo. Nikikasirika ananiambia nyinyi Wakenya wa bara hamjui utani. Na sasa amenipangia shifti za Ijumaa, mimi na yeye pekee. Auntie, nikikosa hizo saa, sifaulu. Nisipofaulu, visa inaisha. Mama yangu aliuza ng'ombe nikuje hapa." Akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi: "Ni utani? Ama iko na jina ingine?"

Msichana yule hakuwa akilalamika wala kulia. Alitaka kujua kama kosa ni lake kwa kutojua mila za watu. Hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu mila ile ni yangu.

Nikamweleza utani ninaoujua mimi. Babu yangu mzaa mama alikuwa kibogoyo, hana jino hata la dawa. Mimi mtoto mdogo, anarudi kutoka msikitini, anaita tangu mlangoni: "Mke wangu! Leo umenipikia nini?" Nami nasimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni: "Sikupikii! Huna meno! Nataka talaka yangu!" Naye: "Hupati. Labda nife." Nyumba nzima inaanguka kwa kicheko, na anayechekwa ni yeye, mzee mwenye nyumba, na yeye ndiye anayecheka kuliko wote. Siku niliyoamka na homa, hakuniita mke. Alinikalia kitako kitandani akaniita mama. Mtani anajua siku ya kunyamaza.

"Na bibi yako hakuwa anakasirika?" Nekesa akauliza. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu.

"Bibi akiniita mke mwenza. Akinilalamikia kuwa nakula sana chakula cha mume wetu."

Babu alikufa mimi nikiwa hapa Dubai, na mtoto mchanga mapajani, sikwenda kumzika. Mama mdogo alinipigia simu. Alilia, akapenga kamasi, kisha akaniambia, "Rukia, mumeo kakupa talaka." Nikacheka na kulia pamoja, mpaka jirani akaja kugonga. Hakuna maneno mengine ambayo yangenifariji siku ile, na hakuna mtu katika jengo lile ambaye ningeweza kumweleza kwa nini. Mpaka leo nikimkumbuka babu, ninachokitamani ni kuitwa vile kutoka mlangoni, na kuwa na ruhusa ya kumjibu.

Nilimweleza Nekesa yote haya, kisha nikamweleza kanuni za chuo zinasemaje, na njia alizonazo: kuandika malalamiko rasmi, au kuomba abadilishiwe jiko kimya kimya, au kunywa chai na kufikiri. Nikamwambia pia kwamba siwezi kumwahidi siri ya kaburini, maana kuna mambo nikiyasikia lazima niyapeleke mbele; hilo lisemeni mapema, kabla mtu hajamwaga moyo wake. Akasema atafikiri. Akarudisha kikombe, akachukua adapta, akaenda.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Sikumtuma akajibu, na nyie msimtume mtu. Si wajibu wa anayeudhiwa kumkomesha anayemuudhi. Wengine hawawezi kufungua kinywa, na kinywa kilichofungwa si ushahidi wa lolote. Lakini Nekesa alikuwa Nekesa. Hazikupita siku nyingi akarudi, safari hii bila kisingizio.

"Nilimjibu, Auntie."

"Ulimjibu nani?"

"Shefu. Alisema, mke wangu, njoo uonje supu ya mumeo. Nikamwambia, mume gani wewe, kitunguu tu kinakuliza kila asubuhi! Nipee talaka yangu nirudi kwetu Kitale!"

Nikaziba mdomo. "Watu?"

"Walicheka mpaka Baraka akaangusha sufuria." Baraka alikuwa kijana wa Morogoro, mwanafunzi mwenzake.

"Na yeye?"

"Yeye hakucheka." Akavuta kiti, akakaa. "Aliniangalia tu. Jioni akanitoa kwenye ratiba. Shifti zangu zote. Ati sina heshima kwa wakubwa. Auntie, sasa sina saa hata moja."

Nilikuwa nikimpenda Shefu Lukindo, nimeshasema, na mpaka dakika ile kona moja ya moyo wangu ilikuwa ikimtafutia udhuru: mtu wa kwetu, amezidisha tu, ulimi wake mrefu. Kona ile ikajifunga. Mtani hujibiwa. Usiyeweza kumjibu si mtani wako. Na kumwadhibu mtu kwa sababu amekataa, hilo nalo lina jina katika kanuni, linaitwa kulipiza kisasi, na linahesabiwa kosa peke yake, hata kama lile la kwanza lingeshindikana kuthibitishwa. Nikamwambia hivyo. Akaandika malalamiko yake pale pale mezani kwangu, kwa mkono wake, na mimi sikumwongezea hata nukta.

Sasa ngojeni niwaeleze kisa cha biriani, maana kuna siku nanyi mtaalikwa.

Ami Nassor ndiye mzee wetu hapa Al Baraha, ndugu wa marehemu baba yangu kwa upande wa mama. Miaka yote tangu nifiwe na mume, Ijumaa baada ya sala nilikuwa kwake. Hapakuwa na haja ya kualikwa. Wajukuu wakijazana, sahani kubwa chini, achari ya maembe, Ami akisimulia habari zile zile na sisi tukishangaa upya. Ijumaa hiyo alinipigia simu kunialika. Nilijua kuna jambo tangu niliposikia simu.

Nilipoingia, Shefu Lukindo alikuwa amekaa kitako kwenye busati, kanzu nyeupe, kichwa chini. Tukanawa. Sahani ikaja. Ami akanikatia nyama upande wangu, akaanza.

"Rukia, mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Hiki chuo cha watu, nchi ya watu. Huyu mwenzetu ana watoto wanasoma. Ataomba radhi, amenunua na kitambaa kizuri huko Naif kumpa huyo msichana. Msichana atarudishiwa kazi zake, ataondoa ile karatasi, khalas. Tumekwisha suluhisha makubwa kuliko haya kwenye sahani hii."

Na kweli. Nimeona ndoa zikiokolewa kwenye sahani ile, na ndugu waliokuwa hawasalimiani wakimegeana nyama. Suluhu ya wazee ni kitu kizuri na siidharau.

"Msichana mwenyewe yuko wapi, Ami?" nikauliza.

"Hakuitwa. Atakuja kufanya nini katikati ya watu wazima? Wewe utamsemea."

"Hajanituma."

Shefu Lukindo akainua kichwa. "Bi Rukia, wewe mtu wa pwani bwana, utani unaujua. Wale wa kwenye kamati hawaelewi, wazungu na Waarabu na Wahindi. Wewe nenda kaseme tu kwamba ndiyo mila yetu. Nisaidie, dada yangu."

Alisema kwa unyonge, na macho yake yalikuwa mekundu. Nataka mjue hivyo. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuja na kiburi.

"Utani naujua, Shefu," nikamwambia. "Na ukitaka nitakwenda kuueleza. Lakini wataniuliza, msichana naye alipomtania, Shefu alifanya nini? Niwaambieje?"

Akautazama wali. Mjukuu mmoja akaomba maji.

"Rukia," Ami akasema, "ukitoka hapa bila kukubali, umenivunjia sahani yangu."

Nikanawa mikono, nikambusu Ami mkono, nikatoka. Nyama ilikuwa bado upande wangu, nzima. Ilikuwa Ijumaa yangu ya mwisho katika nyumba ile. Ami yupo, mzima, mitaa miwili kutoka kwangu. Tukikutana dukani ananiitikia salamu kama anavyomwitikia mtu wa posta. Kila Ijumaa saa saba nausikia mwili wangu ukijiandaa kwenda. Sijuti, lakini nisingependa mdhani kazi hii haina bei yake.

Kamati ilichukua muda mrefu, mrefu kuliko mtoto aliyepoteza saa zake anavyoweza kusubiri. Mimi nilikaa kando ya Nekesa na kazi yangu ilikuwa kukaa. Aliyesaidia zaidi alikuwa Baraka, yule wa sufuria. Hakuna aliyemwita, alikuja mwenyewe. Alisema, nami namnukuu kama ninavyokumbuka: "Nilikuwa nacheka siku zote kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka. Siku aliyojibu Nekesa ndiyo niliona Shefu amekasirika kwelikweli, nikajiuliza, kumbe tulikuwa tunacheka nini?" Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa Kijordani, akaomba aeleweshwe huo utani, na Nekesa ndiye aliyemweleza. Alimweleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mama yule akasema kwao mababu nao wana mizaha yao, na akauelewa mara moja.

Shefu Lukindo alionekana ana makosa, akaondolewa kusimamia wanafunzi, na baadaye akaondoka chuoni mwenyewe. Nekesa akapewa jiko jingine. Alikuwa ameshachelewa muhula mzima, na muhula ule ulikuwa mgumu. Watu wa kwetu hawakumpiga wala kumtukana. Walihama meza tu. Akikaa na sahani yake kantini, wenzake waliokuwa wakisema naye Kiswahili wanakumbuka wana haraka, yalla, wanainuka. Mizigo ya Naif ilipanda bei, na lawama akabebeshwa yeye. Baraka peke yake aliendelea kukaa naye, na mimi chai yangu ilikuwapo.

Akaanza kuja kila adhuhuri. Hatukuzungumza kesi. Tulizungumza ugali, mvua za Kitale, na jinsi lifti ya jengo langu ilivyoniacha ghorofa ya nne na kikapu cha samaki. Siku moja akasema:

"Auntie, naweza kukuomba kitu? Kama utakataa ni sawa."

"Sema mwanangu."

"Yule babu yako. Mimi pia angeniita mke?"

"Angekuita, nawe ungemjibu."

"Basi wewe na mimi ni mke mwenza." Akanitazama kwa wasiwasi, kijiko mkononi. "Naweza kukuita hivyo? Ama ni vibaya?"

Katika maisha yangu yote ya utani, tangu Unguja mpaka hapa, hakuna mtu aliyewahi kuniomba ruhusa ya kunitania. Kwetu hauombwi, unazaliwa nao. Nikamwambia aniite, kisha nikajifanya natafuta kikombe.

Alimaliza masomo. Siku anasafiri kurudi kwao sikwenda uwanja wa ndege, goti lilikataa. Na mwaka huohuo nilistaafu. Wakanipa keki na maua, nikakabidhi ufunguo, nikaliacha bakuli la sukari mezani. Lile ni la chuo, msilivunje. Hivi sasa nyumba yangu ni kimya. Niliyazoea makelele ya wasichana, viatu vyao kwenye ngazi, vicheko visivyo na sababu, mtu anagonga kuomba adapta. Huku Al Baraha anayegonga ni wa maji tu. Kuna siku naweka vikombe viwili kwa mazoea, nakaa upande wa dirisha, na kiti cha mlangoni kitupu.

Juzi simu ikalia, namba ya Kenya. Nikapokea, nikasikia kuku, na mtoto analia, kisha sauti ikaita kwa nguvu kama mtu aliyefika mlangoni.

"Mke mwenza! Bado unamng'ang'ania yule mzee bila meno?"

Nilisimama, goti na vyote, mkono kiunoni, peke yangu katikati ya ukumbi.

"Namng'ang'ania," nikamwambia. "Wewe umemtoroka, unakula mahindi ya Kitale, mimi nabaki na kazi ya kumsagia nyama."

"Nimechoka na hiyo ndoa. Nipee talaka yangu!"

"Hupati," nikamjibu. "Labda nife."

Akacheka mpaka mtoto wake akanyamaza kumsikiliza.